Vidole Viwili

Santa Rufina, 6 Februari 1995

Swahiba Beto,

Habari za milimani? Huku tu wazima. Umeme ukipenda unakuja, usipopenda tunakula muhogo wetu gizani, na mke wangu Nereida anasema afadhali, maana hauoni uso wangu. Nimenuna tangu Jumatano. Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, simama, kwa sababu habari yenyewe ni ya kiti.

Wanataka kunistaafisha. Hawanifukuzi, hao wana adabu zao. Onelio Frómeta aliniita ofisini. Ndiye huyu huyu Frómeta aliyekuwa mdakaji wa akiba nyuma yako kwenye timu yetu ya besiboli, aliyekaa benchi misimu sita akikuombea mafua, na leo ni kocha wetu mwenye miwani na filimbi. Akaniambia, "Gildo, mechi ya mwisho ya msimu, tarehe tisa Aprili, tunakufanyia sherehe." Nikamuuliza nitarusha raundi ngapi. Akatazama dirishani. Kumbe sherehe ni kabla ya mechi. Nitavuliwa shati mbele ya watu, nitapewa ngao ya shaba na kiti cha kubembea. Kiti cha kubembea, Beto! Kimeshachongwa, kiko stoo ya uwanja nyuma ya mifuko ya chokaa, nimekiona kwa macho yangu. Kisha nikikalie pale pembeni, nijipepee, nitazame watoto wakiucheza mpira wangu.

Nina miaka arobaini na minne, sikatai. Huu ni msimu wangu wa ishirini na tatu. Lakini Januari nilirusha raundi nane na wapinzani wakapata pointi mbili tu, na ya pili ni kosa la yule mchezaji wa kushoto aliyekuwa akimtazama msichana. Tangu taa za uwanja zizimwe tunacheza saa saba mchana, jua la utosi, na vijana wanaanguka kama nguo kwenye kamba. Mimi nafika kwa baiskeli, kilomita kumi na nne, nimeshapasha mwili. Mkono huu bado unarusha. Haurushi kama zamani, lakini unarusha.

Sasa nisikilize. Mwandikie Frómeta. Ulikuwa mdakaji wangu miaka kumi na moja, neno lako analiheshimu kuliko la daktari. Mwambie anipe mpira tarehe tisa, raundi zote tisa. Baada ya hapo kiti nitakipanda hata kichwani. Nimebaki na hilo moja tu la kuomba katika maisha haya ya besiboli: niondoke nimesimama.

Wazee wa bustanini wanakusalimu. Kila asubuhi wako pale pale kwenye mabenchi, wanabishana kuhusu mechi zilizochezwa kabla hawajazaliwa. Wenceslao kinyozi anasema Mkaidi hataondoka uwanjani ila kwa machela. Ndiyo, bado wananiita Mkaidi.

Kifurushi cha tumbaku nimempa dereva wa lori la kahawa. Usikubali akuambie kimepungua njiani.

Wako,
Leovigildo

—

Palmarejo, 19 Februari 1995

Ndugu yangu Leovigildo,

Tumbaku imefika. Imepungua njiani.

Mke wangu Migdalia anakusalimu, na anasema kama hutaki kile kiti kuna mwanamke huku milimani mwenye mgongo mbovu anayekitaka. Nimecheka barua yako, kisha nikaisoma mara ya pili, sikucheka.

Chukua kiti, Gildo. Nakwambia kama mtu aliyekuchungulia kupitia vyuma vya kinyago cha mdakaji miaka kumi na moja na kujua siku gani bega linauma hata kabla wewe mwenyewe hujajua. Mimi nilitoka na goti lililojaa maji, na hakuna aliyenipa hata kigoda. Niliingia kwenye basi na mfuko wangu nikashuka huku, siku ya pili nilikuwa nachuma kahawa. Wewe watu watakupigia makofi. Ondoka wakati bado wanapiga. Mrushaji wa miaka arobaini na minne akifungwa pointi saba kwenye mechi yake ya mwisho, hizo saba ndizo watakazozihadithia bustanini, na unawajua wale. Hawasahau.

Kuhusu kumwandikia Frómeta, hapana. Usiniulize sababu. Kuna watu wawili duniani ambao sina uso wa kuwaomba kitu, na Frómeta ni mmoja wao.

Mvua haijaacha kunyesha wiki nzima. Kidole changu kile kilichobanwa na mashine ya kukoboa kahawa kinauma tangu Jumatatu, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku. Ratili ya kahawa iko kwa dereva yule yule. Ni kahawa tupu, haina dengu ndani kama ile ya mgao. Usimgawie Wenceslao.

Eriberto Mustelier

—

Santa Rufina, 2 Machi 1995

Beto,

Hata wewe!

Nilidhani dunia nzima ikinipa kisogo atabaki mmoja aliyevaa kinyago. Unaniambia niondoke wakati wanapiga makofi. Beto, mimi sikuanza mpira kwa makofi. Nilianza kwa kurusha machungwa mabovu kwenye ukuta wa kiwanda cha sukari mpaka mlinzi akanifukuza na mbwa. Nilimzika baba yangu asubuhi, mchana nikarusha raundi saba, na mama ndiye aliyeniambia nenda. Nimelala kwenye basi lililobeba kuku, nikaamka na yai mfukoni. Nimerusha na jino linaniuma mpaka machozi yananitoka, mpigaji akadhani ni hasira, akaogopa, akapiga hewa mara tatu. Niliwahi kufungwa pointi kumi na moja mbele ya mama mkwe wangu, na Jumanne iliyofuata nilikuwa pale pale kilimani, kwenye kichuguu cha mrushaji, nimeshika mpira. Ukiniambia nitafungwa saba, nakuuliza, je, ndiyo itakuwa mara ya kwanza?

Unadhani naogopa bustani? Wale wamenila nyama miaka kumi na saba. Kila siku ya Mungu wanaicheza upya fainali ya sabini na nane. Wenceslao anakuwa mimi, muuza karanga anakuwa wewe, amechuchumaa mbele ya sanamu ya bustanini. Raundi ya tisa. Wawili wao wametoka, amebaki mmoja tu. Tuko mbele kwa pointi moja, mtu wao mmoja yuko kituo cha kwanza, na anayekuja na gongo ni Evelio Barroso, lile jitu la Havana ambalo kila mtoto anajua linakula mpira mnyoofu kama wali. Muuza karanga anatoa vidole viwili kati ya mapaja, ishara ya mdakaji ya kuomba mpira wa kupinda. Wenceslao anatikisa kichwa kwa madaha na anarusha mnyoofu, ule unaoombwa kwa kidole kimoja, na wote wanainua macho kuutazama ukivuka ukuta. Kisha wanasema kwa pamoja, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Mimi napita na baiskeli yangu, nawapungia mkono.

Sijawahi kulisema hili kwa kalamu, sasa nalisema. Uliniomba wa kupinda, mimi nikarusha mnyoofu, tukapoteza ubingwa pekee ambao tungeupata. Tangu mwaka ule, kila mwanzo wa mwaka unaniletea ratili ya kahawa, na hujawahi kunilaumu hata kwa jicho. Mtu aliyeweza kunisamehe jambo kubwa kama lile anashindwaje kuniandikia barua moja kwa Frómeta?

Naingia safarini na timu kesho, nitarudi katikati ya mwezi. Nikikuta hujaandika, nitajua la kufikiri.

Leovigildo

—

Palmarejo, 9 Machi 1995

Gildo,

Barua yako imeruka, imefika kwa siku saba. Ningependa ingechelewa.

Sikukusamehe mimi. Hapakuwa na kitu cha kusamehe. Kaa chini sasa, ni zamu yako.

Raundi ya saba ya fainali ile mpira uligusa ukingo wa gongo ukanipiga kidole cha kati cha mkono wa kulia, mkono usio na glavu. Nilisikia kikilia ndani kama kijiti. Nikageuka nyuma, nikajifanya natafuta kitu mchangani, nikakinyoosha kwa meno. Kwenye benchi Frómeta alikuwa ameshavaa glavu yake, kwa sababu aliivaa kila mechi kwa misimu sita, maskini. Nikiinua mkono tu, anaingia yeye. Ilikuwa fainali yangu moja, nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sikuinua mkono.

Raundi ya tisa, kwa Barroso, nilikuomba wa kupinda. Kichwani mwangu nilitoa vidole viwili, naapa kwa kaburi la mama. Kisha nikaona mpira unakuja mnyoofu, nikajua umenikaidi, na nikakuchukia kwa muda wa saa nzima. Mwandishi wa gazeti akaniuliza uliomba nini. Nikamjibu, niliomba wa kupinda. Halafu nikaenda kuoga, nikafungua mkono chini ya maji ili nikutukane vizuri kwa vidole, na ni kimoja tu kilichosimama. Cha pili kilikuwa kimelala. Hakikunyooka kabisa. Ulichokiona wewe kutoka kilimani ni kidole kimoja. Ulirusha ulichoombwa.

Nilitoka bafuni nikiwa na nia ya kusema. Nikakukuta umezungukwa na waandishi unawaambia, "Nilirusha nilichotaka." Nikajua unanikinga, umeona mdakaji wako amekosea na umeamua kubeba. Asubuhi yake mji mzima ulikuwa unakuita Mkaidi, na mimi nikaenda hospitali ya mbali nikasema ni mashine ya kukoboa kahawa. Hatukuwa hata na mashine wakati huo.

Ile kahawa si zawadi, Gildo. Ni aibu yangu niliyoikaanga.

Jumamosi nashuka na lori. Nitakwenda kwa Frómeta kwanza, nimwambie uso kwa uso kwamba nilimwibia fainali yake. Kisha nitasimama bustanini mbele ya Wenceslao na wenzake wote niseme. Hutakuwepo, na ni afadhali, ukiwepo nitanyamaza tena. Na nitamwomba akupe mpira.

Eriberto

—

Santa Rufina, 20 Machi 1995

Eriberto Mustelier, mjinga wewe, mjinga mwenye moyo mzuri, ambao ndio ujinga mbaya kuliko wote,

Nimerudi Alhamisi. Barua yako ilikuwa bado iko posta. Habari yako ilikuwa iko kila mahali.

Nashuka kwenye basi, mwanamke nisiyemjua ananikumbatia na kulia. Naingia mtaani kwetu, jirani yangu Eulalia ananiletea mayai mawili. Mwaka huu, Beto, mayai mawili! Ananiambia, "Pole, mwanangu, miaka yote hiyo." Pole ya nini? Hasemi, anafuta machozi kwa aproni. (Mayai nimekula. Yai ni yai.) Nafika bustanini, mabenchi yote yanasimama. Wenceslao anavua kofia. Wanaume ambao wamenitukana tangu nikiwa na nywele wanasimama kama kanisani, na muuza karanga ananipa karanga bure. Redio ya mkoa inaniita "mrushaji aliyeonewa." Aliyeonewa! Mimi!

Frómeta akaja nyumbani mwenyewe. Akasema tarehe tisa mpira ni wangu, raundi zote nitakazoweza, "ni haki yako, Gildo, tumekukosea." Neno nililolilia tangu Februari ndilo hilo, na nilitamani kulitema. Sikuutaka mpira ule kwa huruma. Niliutaka kwa sababu najua kuurusha.

Sasa sikiliza, maana nitaandika mara moja tu.

Nilikiona kidole chako.

Nilikiona tangu raundi ya saba. Ulikuwa unanirudishia mpira kama mtu anayewarushia kuku mahindi, ulidhani sina macho? Raundi ya tisa ulipokiweka kule chini kati ya mapaja nikaona kimoja kimesimama na kingine kimevimba kimelala kando yake, na nilijua vizuri kabisa kwamba unaomba viwili. Kwa Barroso ungeomba nini kingine? Ningeweza kuinua mkono nikasimamisha mchezo. Sikuinua, kwa sababu ningeinua Frómeta angeingia na wewe ungetoka ukilia. Hiyo ni nusu ya sababu, na ni nusu nzuri, nitamsimulia padri. Nusu ya pili ni kwamba niliutaka mnyoofu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na mkono wa moto, nikasema moyoni, jitu hili halijaonja wangu. Basi likaonja. Usiniulize nusu ipi ilikuwa nzito zaidi. Ya pili.

"Nilirusha nilichotaka." Niliwaambia waandishi kweli tupu, nikashangaa wewe ulivyonitazama kwa macho ya ng'ombe. Nilidhani umenisamehe. Ile tumbaku ninayokuletea kila mwaka ulidhani ni nini? Na ile habari yako ya mashine ya kahawa! Nilikuwa naisikiliza nikiuma shavu, nikisema moyoni, jamaa ana adabu huyu, hataki kunikumbusha.

Kwa hiyo dhambi hiyo ni yangu, ilikuwa yangu siku zote, na jina ni langu. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika ni mkuu mwenyewe, na asiyesikia hakuumia hata ukucha. Lakini hakudanganywa na mtu.

Jambo baya zaidi ni hili. Ijumaa nilikwenda bustanini nikawaambia yote, neno kwa neno. Unajua walifanyaje? Wenceslao alinishika bega akasema, "Gildo, unamkinga rafiki yako. Moyo wa dhahabu." Nikamtukana. Akasema, "Tazama, na unyenyekevu juu yake." Nikimwambia Frómeta, anatikisa kichwa kwa huzuni. Miaka kumi na saba nilikuwa mkosaji mwenye heshima zake, na kwa Jumamosi moja umenifanya mtakatifu asiyesikilizwa.

Njoo uondoe ulichokiweka.

Leovigildo

—

Palmarejo, 30 Machi 1995

Wewe shetani,

Nimebeba maiti mgongoni miaka kumi na saba, leo unaniandikia kwamba marehemu ni wako.

Migdalia amenikuta nje ya banda nacheka peke yangu, kisha akanikuta nalia, akaenda kuita shangazi yake. Nimehesabu kwa sauti mbele yao: ratili kumi na saba za kahawa safi, isiyo na dengu, wakati sisi tunakunywa yenye dengu! Siku ya kwenda kwa Frómeta sikulala, nilivaa shati la harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu: "Kiliuma?" Nikasema sana. Akasema, "Vizuri," akavaa miwani yake. Hivyo ndivyo nilivyosamehewa. Na wewe ulikuwa unajua muda wote!

Siwezi kuondoa nilichokiweka. Nikirudi bustanini kusema kwamba uliona, watasema wewe ndiye uliyenituma. Umejenga jina la ukaidi maisha yako yote na mimi nimelibomoa kwa nusu saa, pole sana, sikujua kwamba unalipenda.

Ila nina swali, na unijibu kama mwanamume. Ungekuwa siku ile umeona vidole viwili vimesimama, vizima, vimenyooka, ungerusha wa kupinda?

Daraja limechukuliwa na maji, lori halitashuka mpaka katikati ya Aprili. Tarehe tisa nitakuwa kwenye duka la ushirika na redio. Usifungwe saba.

Eriberto

—

TELEGRAMU
Palmarejo, 10 Aprili 1995

UMEME UMEKATIKA RAUNDI YA TISA WAWILI WAMETOKA MKO TATU KWA MOJA STOP NUSU YA DUKA WANASEMA UMESHINDA NUSU WANASEMA UMEKUFA STOP JIBU HARAKA NA SWALI LANGU PIA STOP BETO

—

Santa Rufina, 12 Aprili 1995

Beto,

Kiti kinakuja na lori la kwanza litakalovuka. Kipokee, na yule mwanamke wa mgongo akikitaka mwambie asubiri, mwenye goti la maji kwanza. Mimi sina muda wa kukikalia. Mazoezi yanaanza Septemba na sijaona popote palipoandikwa kwamba siwezi kwenda.

Uwanja ulijaa. Walikuja na mikokoteni ya farasi, watatu watatu kwenye baiskeli. Waliponitangaza walisimama wote, kimya, na mkono kifuani, nikaona kwamba kwa kweli wamekuja mazikoni. Nikamwambia Nereida kupitia ua wa waya, "Hawa nitawaamsha."

Kuna jambo la kuchekesha ulijue. Frómeta, tangu ulipomsimulia, haamini tena vidole. Alimkalisha mdakaji wetu Yunier chini, akaazima rangi ya kucha ya Nereida, akampaka kucha zote tano za mkono wa kulia, nyekundu. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mchumba wake yuko jukwaani! Frómeta akasema, "Leo hakuna atakayesema hakuona."

Raundi nane sikukuangusha. Pointi yao moja ilikuwa ya bahati. Bega lilianza kuuma raundi ya sita, ya saba likaacha kuuma, jambo ambalo wewe unajua ni baya zaidi. Raundi ya tisa, wawili wametoka, tatu kwa moja, hakuna mtu kituoni. Anakuja kijana wao anayepiga wa nne, nafasi ya wenye nguvu, mabega kama mlango, na sifa yake ni ile ile: mnyoofu anaula. Hapo ndipo umeme wenu ulipokatika.

Yunier akatoa viwili. Vimenyooka, vyekundu, hata kipofu angeviona.

Nikatikisa kichwa.

Sikutikisa kidogo kama wanavyofanya watu wenye adabu. Nilitikisa mpaka kofia ikasogea. Yunier akatoa viwili tena. Nikatikisa tena, na safari hii nikageukia kushoto wakaona wa kushoto, nikageukia kulia wakaona wa kulia. Uwanja ukaanza kunong'ona. Mtu akapiga kelele, "Hapana, Gildo!" Nikarusha mnyoofu, ule ule, kwa nguvu zote zilizobaki duniani.

Ulivuka ukuta. Beto, ulivuka ukuta na barabara na nadhani na nyumba ya daktari wa meno. Tatu kwa mbili.

 Kisha nikamsikia Wenceslao, peke yake, amesimama juu ya kiti chake, sauti imepasuka: "Aliona! Mshenzi huyu aliona! MKAIDI!" Na uwanja wote, watu elfu nane, wakaitika. Mkaidi! Mkaidi! Eulalia wa mayai alikuwa anatikisa ngumi. Wananitukana na kucheka na kulia, wote kwa pamoja. Sijawahi kupigiwa makofi matamu kama matusi yale.

Frómeta akaja kilimani, polepole, na Yunier nyuma yake anaficha kucha. Nilijua amekuja kuuchukua mpira. Akaniuliza, "Uliviona?"

"Niliviona. Viwili. Vyekundu."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia. Nilikuambia, hukunisikia."

 Akatazama ukuta ulipopita mpira. "Niambie kweli, Gildo. Siku ile ningekuwa nimedaka mimi, na kidole kizima, nikakuomba wa kupinda."

"Ningekukataa."

"Ungerusha mnyoofu?"

"Mnyoofu."

Hilo ndilo jibu la swali lako pia, limekufikia kupitia mlango wa jirani. Frómeta akatafuna kitu mdomoni ambacho hakikuwepo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi nilipokaa benchi sikukosa kitu," akasema. Akaushika mpira mwingine niliopewa, mkononi mwangu, akaufuta vumbi kwa shati lake, akauacha pale pale. "Mmalize," akasema, akaondoka.

Akaja mwingine. Mbili za kwanza nilimpa minyoofu, akaikosa yote, kwa sababu na yeye alikuwa anatetemeka kwa kelele. Kwa ya tatu Yunier alikuwa ameshakata tamaa ya kubishana nami. Akatoa kimoja, akanitazama kama kusema, haya, baba, chukua mnyoofu wako.

Nikatikisa kichwa.

Akatoa macho. Akatoa kimoja tena, akakitikisa. Nikakataa.  Nikaweka vidole kwenye mshono jinsi ulivyonifundisha wewe mwaka wa kwanza, nyuma ya kiwanda, na mpira ukatoka mkononi taratibu, juu ya bega la yule kijana. Akajikunja akidhani unampiga. Kisha ukapinda, ukashuka, ukapita pale pale ulipokuwa unaweka glavu yako. Gongo lilipiga hewa mara ya tatu. Yunier hakuutegemea, ulimgonga kifuani, akaukumbatia kwa mikono miwili na kucha zake nyekundu, akaanguka nao chali, lakini hakuuachia, na mechi ikaisha, tumeshinda.

Huo ulikuwa wako, Beto. Ndio ule ulioniomba mwaka sabini na nane. Umechelewa kufika, lakini na wewe barabara za huko unazijua.

Wako,
Mkaidi